Karo lisilojaa si la kujivunia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja kuhusu vyoo vya mahoteli. Najua si mada ya kumfurahisha mtu aliyekaa na chai yake asubuhi. Lakini kila nikisoma makala za utalii na Uchumi wa Buluu naona picha ya bahari, picha ya mashua, picha ya mgeni na tiara lake pale Paje, na sijawahi kuona picha ya kifuniko cha karo, yaani shimo la kupokelea maji machafu ya chooni. Mimi kazi yangu ni vifuniko hivyo. Ni fundi bomba, mtu wa Jambiani, na pwani hii ya mashariki nimeifanyia kazi yote, Bwejuu, Paje, Jambiani mpaka Makunduchi, tangu nyumba za wageni zilipokuwa za makuti na za kuhesabika.

Kuna maneno nayasikia sana kwa wenye hoteli, tena wanayasema kwa majivuno: "Fundi, karo letu hili tangu lichimbwe halijajaa hata mara moja." Jirani yake anamwonea wivu, maana yeye hakupiti muda mrefu bila kuita gari la kunyonya uchafu, na bei ya gari kila mtu anaijua inavyouma. Naandika kusema kwamba yule wa kwanza ndiye wa kutiliwa shaka. Huyu wa pili anayelalamika gharama huenda ndiye mwenye karo zima.

Nieleze kidogo, kwa sababu hata baadhi ya wanaotoa vibali hawajapata kuinamia shimo. Karo la septiki likijengwa sawasawa lina vyumba viwili au vitatu, sakafu ya zege, na kuta zilizopigwa plasta kuanzia chini mpaka juu. Uchafu mzito unazama, mafuta yanaelea, na maji ya katikati ndiyo yanayopita kwenda chumba cha pili na kisha kwenye shimo la kunyonya, linalopenyeza maji ardhini. Huko chini vijidudu visivyohitaji hewa vinalila lile tope pole pole, lakini havilimalizi. Tope linabaki, linapanda, na siku inafika gari lazima lije. Karo linalofanya kazi linajaa tope, ndiyo kazi yake. Lisilojaa miaka nenda miaka rudi, na hoteli haina msimu mbaya, lina njia nyingine ya kutolea.

Na hata hilo zima halisafishi maji kama watu wanavyodhani. Maji yanayotoka septiki yameacha uzito tu. Vijidudu vya maradhi vimo, na nitrojeni ya mkojo imo karibu yote. Anayemaliza kazi ni udongo. Maji yakipita taratibu kwenye udongo, vijidudu vinanaswa, vinakufa, na kila kitu kinapata muda wa kuoza. Kwa hiyo udongo ni nusu ya mtambo wenyewe. Sasa niambieni, udongo uko wapi Jambiani? Piga sururu: unapata shibiri moja ya mchanga, kisha jiwe la matumbawe. Jiwe hili nalo lilikuwa mwamba wa baharini zama hizo, limejaa matundu, nyufa na mapango. Anayebisha aende Pango la Kuza, hapa hapa Jambiani, aone maji yalivyotulia chini ya jiwe ambalo juu yake watu wanapita. Maji machafu yakiingia kwenye jiwe la namna hiyo hayachujwi, yanapita tu.

Niliitwa hoteli moja, sitaitaja, kwa malalamiko ya harufu kwenye vyumba vya mbele. Ilikuwa siku ya bamvua, yaani siku za maji kujaa sana na kupwa sana, na maji yanajaa. Wageni wote walikuwa wamekwenda Kizimkazi kuangalia pomboo, na wafanyakazi walikuwa hawajaanza kufua mashuka. Maana yake hakuna mtu anayevuta maji chooni. Nikafungua karo, nikashusha fimbo yangu yenye alama, nikaangalia maji yamefika wapi. Nikaenda zangu kukagua chemba moja baada ya nyingine. Niliporudi maji yalikuwa yamepanda zaidi ya shibiri. Kwenye ukuta wa ndani, juu ya mstari wa maji, chumvi ilikuwa imeganda nyeupe kama ya kwenye boti, na kaa mdogo anapanda zake wala hana habari na mimi. Maji yalipokupwa, karo nalo limekwisha shuka. Lilikuwa halina sakafu. Aliyelijenga aliacha jiwe tupu chini ili "linyonye vizuri". Linanyonya kweli. Bahari inaingia mara mbili kwa siku na kutoka mara mbili kwa siku, na kila ikitoka haitoki mikono mitupu.

Meneja, kijana mstaarabu tu, aliniuliza kama dawa ya harufu ingetosha.

Siku hiyo hiyo, nilipomaliza, nilishuka ufukweni. Msomaji yeyote anaweza kufanya haya bila fimbo wala fundi. Subiri maji ya bamvua yakupwe kabisa, kisha tembea chini ya kuta za mahoteli na uangalie mchanga. Utaona vijito vyembamba vinatokea chini ya jiwe na kukata mchanga kuelekea baharini. Vingine ni vya haki. Pwani yetu ina chemchemi za maji baridi yasiyo na chumvi zinazotokea ufukweni tangu enzi za babu zetu, na maji yake ni maangavu, hayana harufu. Lakini kuna kijito kingine ambacho pale kinapopita jiwe limeota utelezi wa kijani kibichi, nyuzi nyuzi, umeshikana kama nywele, na hatua kumi kulia au kushoto hakuna hata uzi mmoja. Majani ya namna hiyo hayaoti pahala pasipo na mbolea. Ukiona hivyo inua macho, uangalie ni ukuta wa nani.

Mtu mmoja barazani alinijibu kwa fikihi. Akasema maji yakifika kulatein, kile kipimo cha maji mengi, hayanajisiki, sembuse bahari. Ni kweli, sisi Mashafii tumefundishwa hivyo chuoni tangu wadogo. Ila mlango huo huo wa vitabu unaendelea: isipokuwa yakibadilika rangi, ladha au harufu. Nikamwambia twende sote saa ya maji kupwa, tukasimame pale penye kijito, kisha aniambie harufu haijabadilika. Hajaja mpaka leo.

Na hiyo hoja kwamba bahari ni kubwa naomba tuiangalie kwa hali ya pwani yetu ilivyo, si kwa ramani ya dunia. Mashariki ya Unguja bahari kuu iko nje ya mwamba wa matumbawe. Ndani ya mwamba ni maji ya kina kifupi, yakikupwa unatembea kwa miguu mbali sana, na yanayobaki yanakaa kwenye vidimbwi na mikondo ya humo humo ndani. Ndimo wanamofanya kazi akina mama wa mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, na kilianzia huku kwetu, Paje na Jambiani. Wanaingia lini baharini? Wakati wa bamvua maji yakiwa yamekupwa, magoti mpaka kiuno ndani ya maji, saa nzima nzima. Ndiyo saa ile ile karo lisilo na sakafu linapomaliza kujimwaga. Tukisema habari ya wagonjwa wa tumbo, wa ngozi na wa masikio, hawa waulizwe kwanza, kabla ya mgeni aliyelipa kuogelea kwenye bwawa lenye klorini.

Mwamba wenyewe nao una mambo yake. Tumbawe linapenda maji maangavu yasiyo na chakula kingi, kwa sababu linakula kwa msaada wa vijimea vidogo sana vinavyoishi ndani yake na vinavyohitaji jua. Ukiongeza nitrojeni na fosforasi, wanaofaidi ni majani ya baharini. Yanakua haraka, yanalifunika tumbawe, na kitoto cha tumbawe kinachotafuta jiwe safi la kushikia hakilipati. Wanaoyala majani hayo ni samaki kama pono na tasi, na hao tumewavua mpaka wamebaki wadogo. Kisha ongeza joto. Mwaka 1998 joto la bahari lilipausha na kuua matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi, na joto la namna hiyo limerudi tena na tena. Joto hilo halizuiwi na sheha wala na hoteli ya Paje. Lakini mwamba uliopigwa na joto unaweza kuota tena kama maji ni safi, na maji machafu ni mkono wetu wenyewe. Ndiyo maana sielewi tunapozungumzia mabadiliko ya tabianchi kwenye semina, ndani ya ukumbi ambao choo chake kinamwaga kwenye jiwe.

Wapo watakaosema: na vyoo vya wenyeji je? Swali la haki. Vyoo vyetu ni mashimo, na jiwe ni hilo hilo. Lakini tupime uzito. Mwaka 2012 shirika la Uingereza liitwalo Tourism Concern lilitoa ripoti kuhusu maji katika Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Familia ya mwenyeji ilikuwa inatumia wastani wa lita 93 kwa siku. Chumba kimoja cha nyumba ya wageni lita 686, na cha hoteli ya nyota tano lita 3,195. Kila lita iliyoingia bombani lazima itoke mahali, ukiacha ya bustani na bwawa. Na mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 600,000. Shimo la kijijini lenye ndoo chache za maji kwa siku linapitisha kidogo na pole pole. Hoteli inasukuma mto.

Ila nisiwaonee wakubwa. Katika kazi yangu, hoteli kubwa za vyumba mia aghalabu zina mtambo wa kusafishia maji machafu, kwa sababu ziliandikiwa katika tathmini ya athari za mazingira kabla ya kujenga. Wanaonitia wasiwasi ni wa katikati. Mtu alianza na vyumba sita na karo la vyumba sita. Biashara ikaenda vizuri, akaongeza ghorofa, mgahawa, bwawa, vyumba vikafika ishirini na zaidi, na karo ni lile lile. Hakuna aliyemjia kupima, maana alipoanza alikuwa mdogo, na alipokua hakuna aliyehesabu upya. Majumba ya kukodisha kwenye mtandao ndiyo kabisa, kwenye vitabu yameandikwa nyumba za kuishi.

Na hao wenye mitambo nao wasilale. Mtambo wa kawaida unahitaji hewa. Kuna mashine inayopuliza hewa ndani ya maji mchana na usiku ili vijidudu vinavyokula uchafu vipumue. Ina ngurumo yake, na inakula umeme. Bili ikipanda, wa kwanza kuzimwa ni huyo, kwa sababu mgeni hamwoni. Mimi nikiingia nyuma ya hoteli nikakuta mtambo uko kimya kabisa na hakuna hata harufu ya klorini, sihitaji maabara. Mtambo uliokatiwa hewa siku kadhaa vijidudu vyake vinakufa, na kuvirudisha ni kazi ya wiki. Kwa hiyo ule mtindo wa kuuwasha siku ya ukaguzi haudanganyi mtu anayejua kuangalia rangi ya maji ndani yake. Mtambo hai maji yake ni ya kahawia, kahawia ya udongo wenye rutuba. Mtambo mfu ni mweusi.

Mjini pia hawana la kutucheka. Mabomba ya zamani ya Mji Mkongwe, urithi wa dunia tangu mwaka 2000, kwa miaka mingi yamekuwa yakimwaga baharini bila kusafishwa, mbele ya vijana wanaoruka majini pale Forodhani. Lakini la mjini linajulikana, limeandikiwa ripoti, lina wafadhili wake. Letu la mashambani liko chini ya jiwe na halina hata bomba la kupigia picha.

Kama mtu anataka kuona kwamba inawezekana, asiende Ulaya. Apande boti kwenda Chumbe, kisiwa kilichohifadhiwa tangu mwaka 1994. Vyoo vya wageni kule havitumii maji kabisa. Kinyesi kinaozeshwa na kuwa mboji, maji ya kuogea yanapitishwa kwenye kitalu cha mimea, na maji yenyewe ni ya mvua iliyokingwa juu ya paa. Hakuna karo kwa sababu hakuna kitu cha kutia karoni. Sisemi hoteli ya vyumba mia ifanye hivyo, wageni wake wasingekubali na mboji ingewashinda. Nasema tu kwamba nyumba ya wageni ya vyumba vichache haina udhuru wa kusema teknolojia haipo, ipo karibu na pwani ya upande wa pili wa kisiwa hiki hiki.

Ninachokiomba ni kidogo. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, namba 3 ya mwaka 2015, na tunayo Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira iliyoundwa kwa sheria hiyo. Tathmini inafanyika kabla ya kujenga, vizuri. Naomba na leseni ya kila mwaka isitolewe mpaka mwenye hoteli aonyeshe stakabadhi za gari la kunyonya: tarehe, lita ngapi, na limemwaga wapi. Asiye na stakabadhi hata moja asipongezwe kwa karo lake zuri, afunguliwe kifuniko. Na gari nalo lipatiwe pahala pa kumwaga huku huku mashariki, bwawa la kutulizia na vitanda vya kukaushia tope, kwa sababu kila kilomita ni dizeli, na dereva anayelipwa kwa safari akiona msitu mbele yake na dampo mbali, unajua atakachofikiria. Mahoteli yanayopakana yanaweza pia kuchangia mtambo mmoja, wakagawana fundi na umeme, na maji yaliyosafishwa yakaenda kwenye bustani zao badala ya kuvuta maji ya visima ambayo kijiji kinayagombania. Majibu ya vipimo vya maji ya ufukweni yabandikwe ofisi ya sheha, yasomwe na mama wa mwani kama anavyoyasoma mwekezaji. Na vipimo viwe vya enterokoka, kwa sababu ndivyo vijidudu vya kinyesi vinavyostahimili chumvi na ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyovitumia kwa maji ya bahari. Tena maji yachotwe yakiwa yamekupwa. Ukichota yakiwa yamejaa, bahari yote ya nje imekuja kukusaidia kujibu.

Na kwa wanaotaka ushahidi kabla ya yote hayo, upo wa siku moja. Kuna rangi ya kupimia iitwayo fluoreseni, ya kijani inayong'aa, ambayo wataalamu wa maji wanaitumia kufuatilia maji chini ya ardhi, na kwa kiasi kidogo haina madhara. Unaitia chooni maji ya bahari yakiwa yamejaa, unavuta, halafu unakwenda kusimama ufukweni yakikupwa. Ikitokea kwenye kijito, mazungumzo yamekwisha, hakuna haja ya mwanasheria. Isipotokea siku hiyo, irudiwe bamvua linalofuata, maana jiwe lina njia nyingi.

Maji ya bamvua yanakuja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kwa hiyo hakuna haja ya kusubiri bajeti wala mradi. Aje ofisa wa mazingira, aje sheha, aje na meneja mwenyewe. Vifuniko nitafungua mimi, bila malipo.

Fundi bomba,
Jambiani, Mkoa wa Kusini Unguja
(jina langu nimekuachia wewe Mhariri)